Katalogi Inayosimama Yenyewe

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Chukueni karatasi mliyoikuta kitini. Ikunjeni mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena, kama kodiani ya wapiga taarabu. Isimamisheni. Imesimama? Hicho tayari ni kitabu.

Wajalidi vitabu wa Ulaya huuita mkunjo huu leporello. Jina limetoka kwenye opera ya Mozart, Don Giovanni, iliyochezwa mara ya kwanza Prague mwaka 1787. Leporello ni mtumishi anayekunjua orodha ya wanawake waliotongozwa na bwana wake: 640 Italia, 231 Ujerumani, 100 Ufaransa, 91 Uturuki, na Hispania peke yake 1,003. Wimbo huo hujulikana kama wimbo wa katalogi. Basi mkunjo huu na orodha ni ndugu tangu jina, nami naamini unaifaa katalogi ya maonyesho, yaani kitabu cha kazi za sanaa zilizoonyeshwa, kuliko kitabu chochote cha kushonwa.

Mwaka 1966 msanii wa Marekani Ed Ruscha alitoa kitabu cha mkunjo huu, Every Building on the Sunset Strip, yaani kila jengo la barabara ya Sunset Strip. Kamera yenye mota ilifungwa kwenye pikapu, ikapita barabara hiyo ya Los Angeles ikipiga jengo baada ya jengo. Kikikunjwa, kinashikika kwa mkono mmoja. Kikikunjuliwa, kinapita mita saba. Upande mmoja wa barabara umepangwa juu, wa pili chini, kichwa chini miguu juu, na katikati weupe mtupu. Kila jengo lina namba yake. Tazameni hapa kwenye maungio: gari limekatwa, nusu yake haipo. Mkasi haukufichwa. Nakipenda mno kipande hiki! Ukifika mwisho, unakigeuza kitabu na kurudi kwa upande wa pili, kama aliyevuka barabara.

Ndiyo maana niliumia siku moja nilipokuta katalogi ya namna hii ndani ya kabati la kioo, imefunuliwa kurasa mbili tu. Msanii alizipanga picha zifuatane kama zilivyofuatana ukutani. Anayezitazama mbilimbili hajayaona maonyesho. Iacheni ikunjuliwe mezani, watu waizunguke.

Sasa rudini kwenye karatasi zenu. Kama mkunjo umechanikachanika ukingoni, mmekunja kwa kuzikatiza nyuzi za karatasi, zile nyuzinyuzi zake zinazolala kuelekea upande mmoja. Mkunjo ufuate nyuzi. Izungusheni robo, mkunje upya, nami napita kuwaangalia.