Wharram Percy: Kijiji kilichopisha kondoo

Mabibi na mabwana, kikitajwa kijiji cha zama za kati kilichohamwa huko Uingereza, wengi wetu husingizia tauni. Kwa Wharram Percy, kwenye vilima vya Yorkshire, jibu hilo halitoshi. Tauni ilipiga Yorkshire mwaka 1349 na kuua wengi, lakini hati ya 1368 bado inataja nyumba 30. Kufikia 1458 zilikuwa zimebaki 16. Karibu na mwaka 1500, kabaila wa ukoo wa Hilton alizitimua familia za mwisho, na mashamba yakawa malisho. Tume ya serikali ya 1517 iliandika bayana: nyumba nne zimebomolewa, plau nne zimesimamishwa.

Hesabu ya kabaila huyo ilikuwa rahisi, na kwangu ni ya kikatili. Baada ya tauni vibarua walikuwa haba na ujira ulipanda, huku bei ya nafaka ikishuka. Ngano inataka walimaji, wapalizi na wavunaji. Kundi zima la kondoo linamtaka mchungaji mmoja, na sufu ilikuwa na soko.

Ukienda kukisoma kijiji hicho, nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Saa sita mchana utaona nyasi tupu. Mbonyeo mrefu uliozama ndiyo barabara, iliyoliwa na miguu na magurudumu. Kandokando yake kuna viwanja vya mstatili vilivyozungushiwa matuta: nyumba mbele, bustani nyuma.

Kuchimba ndiko kulikowapa watu taabu. Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, alianza mwaka 1950 kwa kuchimba mitaro myembamba iliyofuata kuta. Shida ni kwamba nyumba ilijengwa upya mara kadhaa palepale, na kila mara ikigeuzwa kidogo. Mtaro unakata vipande vya kuta za vizazi tofauti, nawe unaviunganisha ukidhani ni nyumba moja. Kuanzia 1953, yeye na mwanaakiolojia John Hurst walifunua kiwanja kizima kwa pamoja, wakaondoa udongo tabaka kwa tabaka, na kuandika kila jiwe na kila kigae kilipolala. Kazi hiyo iliendelea kila kiangazi hadi 1990.

Hata hivyo kuta ziliwapotosha. Zilikuwa za mawe ya chaki, ambayo ni laini na hupasuliwa na baridi kali, kwa hiyo zilibadilishwa mara nyingi. Kwanza ilidhaniwa kwamba wakulima waliishi vibandani, wakijenga upya kila kizazi. Baadaye ikaeleweka kwamba paa lilibebwa na jozi za magogo yaliyopinda, yaliyosimama sakafuni na kukutana juu. Ukuta haukubeba paa. Uliweza kung'olewa na kuwekwa mwingine, nyumba ikiwa bado imesimama. Hapo wakulima wale wanaanza kuonekana kama wajenzi waliojua kazi yao.

Makaburini yalifukuliwa mabaki ya watu 687. Mifupa inaonyesha watoto wakinyonya hadi karibu mwaka mmoja na nusu, na wakikua wafupi sana kuliko watoto wa leo.

Kanisa la Mtakatifu Martin halikufa na kijiji, kwa kuwa watu wa kijiji jirani cha Thixendale walikuwa wa parokia hiyo na waliendelea kuja kusali. Lakini waumini walipopungua, pande zake za kando zilibomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Mazibo hayo unayaona mpaka leo. Thixendale ilipata kanisa lake mwaka 1870, na mwaka 1959 sehemu ya mnara wa Mtakatifu Martin iliporomoka.