Nani Anakula Kwanza? Mhadhara kwa Wazee wa Kanisa

Bwana Yesu asifiwe. Kaeni tu, kaeni, tukianza kusalimiana mpaka wa mwisho tutafika saa nane na mimi harufu ya pilau nimeshaisikia huko nyuma. Nimepewa mada ya kuwatanguliza wengine kama tunda la imani, na mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, mwalimu, leo tena Wakorintho? Ndio baba, leo tena Wakorintho.

Wafilipi 2:4, ule wa kuangalia mambo ya wengine, siusomi, mnaujua, uko mpaka kwenye kalenda za ukutani. Tufungue 1 Wakorintho 11. Sasa angalieni kitu hapa. Kila Meza ya Bwana tunasoma sura hii, lakini tunaanzia mstari wa 23, "kwa maana mimi nalipokea kwa Bwana", si ndio? Hatuanzii wa 17. Kwa nini? Kwa sababu kuanzia 17 mpaka 22 Paulo anagomba, na anagomba kuhusu msosi. Anasema kila mtu anatangulia kutwaa chakula chake, huyu ana njaa, na huyu amelewa. Amelewa kanisani jamani! Sisi tumeruka ugomvi tukachukua liturgia, maneno ya ibada tu.

Huo mji wa Korintho mwelewe ulikuwaje. Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, ukakaa magofu karibu karne nzima, Kaisari Yulio akaufufua mwaka 44 KK na wengi aliowapeleka kukaa pale walikuwa watumwa walioachwa huru, kwa hiyo ni mji wa watu wanaotafuta kuonekana, kila mtu anataka ajulikane kwamba na yeye ametoka kimaisha. Una bandari mbili, upande wa mashariki Kenkrea, kwa dada yetu Fibi, mhudumu wa kanisa la kule, na nyingine upande wa magharibi. Hela ipo, watumwa wapo, makuli wapo. Kanisa halina jengo, linakutana kwa mwenye nyumba kubwa, na chumba cha kulia cha nyumba kama ile kilitosha watu kama tisa hivi, wameegemea kwenye viti vyao vya kujilaza. Wengine wako uani.

Na msifikiri ilikuwa Jumapili ya mapumziko kama ya kwetu, Jumapili ya mapumziko imekuja kwa amri ya Kaisari Konstantino mwaka 321, wakati wa Paulo ilikuwa siku ya kazi tu, mtumwa anatoka pale bwana wake anapomruhusu, kwa hiyo, na wasomi wengi wanalielewa hivi, mwenye nafasi anafika mapema anakula anakunywa, halafu yule wa bandarini anafika usiku na jasho lake anakuta mifupa. Kisha wote wanaimba wimbo mmoja!

Paulo anawaambia nini? Hapa ndipo nataka mnisikilize, simu wekeni chini kidogo. Soma mpaka mstari wa 34, hakuna mahali anamwambia yule mtumwa, ndugu vumilia, jifunze unyenyekevu, thawabu yako iko mbinguni. Hakuna! Anawageukia wenye sahani. Anawauliza kwani nyinyi hamna nyumba za kulia? Mnawatahayarisha wasio na kitu? Na mwisho anawapa amri rahisi mpaka inakera: mkutanikapo mpate kula, mngojane. Basi. Hajasema msile.

Sasa sisi mahubiri ya kuwatanguliza wengine tunampa nani? Tunampa nani, wazee? Semina ya akina mama mada ni utumishi na kujitoa. Semina ya vijana, utii. Semina ya baraza la wazee, uongozi na mamlaka ya kiroho! Yaani somo la kuwa wa mwisho tunawafundisha walio wa mwisho tayari, tena kwa msisitizo.

Chukua sherehe yoyote ya kipaimara, sitaji usharika. Kuna mama ameamka saa tisa usiku kuwasha moto, kuni mbichi, macho mekundu kama mlevi, ibada yenyewe ameisikia kwa spika tu huku anachambua mchele. MC anaita meza kuu, wanapakuliwa na hotipoti zao za pembeni, wanafuata wageni wa kadi dabo, wanafuata wa kadi singo, kwaya, halafu watoto wa Sande skuli wanaambiwa nyie subirini, wakifika ni wali na mchuzi, nyama wameiona ikipita. Sahani za meza kuu zinarudi jikoni kuoshwa na anayeziosha ni mama yuleyule, na kwenye sahani kuna paja la kuku limeumwa mara moja tu likaachwa. Yeye anakaa kwenye kigoda anakwangua ukoko. Saa kumi na moja jioni hiyo. Halafu mchungaji anafunga kwa sala, anamshukuru Mungu kwa ushirika mtamu. Mtamu kwa nani?

Najua mtaniambia mwalimu, ni heshima ya mgeni, mila zetu. Sawa, mgeni njoo mwenyeji apone, mimi sipingi, lakini mchungaji wa hapahapa ambaye mnamwona kila Jumapili ni mgeni tangu lini? Mzee wa kanisa ni mgeni? Nyumba yake inaonekana ukisimama hapo dirishani! Mwingine atasema mbona unaongelea ubwabwa, mada ni ya kiroho. Basi nenda kamwambie Paulo. Maana ule mstari wa 27, wa kula isivyostahili, ambao sisi tunautoa kabatini binti akipata mimba ili atengwe mpaka arudishwe kundini mbele za watu, umetoka kwenye ugomvi huuhuu wa chakula. Anayeonywa hapo ni aliyeshiba mbele ya mwenye njaa. Tungeutumia ulivyoandikwa, wangetengwa wa meza kuu.

Eeh, mnacheka. Chekeni.

Kuna hawa wa siku hizi nao, jipende kwanza, huwezi kumpa mtu usichonacho. Nilikuwa nijibu kwa Wamakedonia, 2 Wakorintho 8, maskini wa kutupwa na bado waliomba wenyewe waruhusiwe kuchangia watakatifu, ila mwenyekiti ananiangalia, mtasoma wenyewe. Niseme tu hivi, yule mama wa ukoko akisema anataka kujipenda kidogo, mwacheni ajipende, mahubiri haya ya kuwa wa mwisho siyo yake. Nawaambia nyinyi na mimi.

La mwisho haraka haraka, Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, wale wanaosema Kigiriki, wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, wenzao wanawanung'unikia Waebrania, walio wengi. Mitume wanasema chagueni watu saba. Someni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Nikolao siyo Myahudi hata wa kuzaliwa, ni mwongofu wa Antiokia. Kwa jinsi ninavyoelewa mimi, walio wengi waliwakabidhi ghala walalamikaji. Hawakuunda kamati ya kuwahurumia, waliwapa funguo.

Kamati yenu ya diakonia, ya kuhudumia wahitaji, ina watu wangapi waliowahi kupokea unga wa kanisa? Sio kugawa, kupokea. Naona mnaangaliana. Mnao wajane, mnao wazee wanaokuja kila mwezi kuchukua kilo zao wanasimama juani mpaka mtunza stoo amalize chai, hao wanajua mgao unavyokwenda kombo kuliko mhasibu yeyote. Mwenyekiti kanidokeza uchaguzi wa kamati ni mwezi ujao na fomu ziko kwa katibu, bure. Kama bibi hajui kuandika, mjazieni.

Maswali baada ya chakula. Na leo wa jikoni wanapakua zao kwanza, nimeshaongea nao, kwa hiyo msikimbilie sahani.