Madirisha ya Zamani, Paka Ndani: Tunavyoziba Baridi Minneapolis

Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Mna hita nyumba nzima, plastiki madirishani ya nini?" Jamani, sijisifu wala silalamiki. Januari hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, baridi hushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, na nyumba nyingi za kupanga ni za zamani, zenye madirisha ya kupandisha na kushusha. Hita inapasha, dirisha linatoa, na bili ya gesi ni yako.

Tafuta kwanza baridi inapoingilia. Siku ya upepo, zima feni, washa kijiti cha udi ukipitishe taratibu kuzunguka fremu. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa. Mara nyingi ni katikati, vioo viwili vinapokutana, kwa kuwa komeo halikufungwa. Komeo lile ndilo linalovibana pamoja.

Ubavuni usibandike sponji: dirisha likiteleza linaibandua, na mbwa anaimalizia kwa meno. Weka utepe wa plastiki ngumu wenye umbo la V, mdomo wake ukitazama nje, ili upepo ukisukuma utanuke na kubana zaidi. Futa mbao kwa spiriti, ziache zikauke, na uifanye kazi hii kabla majira ya baridi hayajaingia. Kwenye mbao za baridi gundi haishiki.

Plastiki nyembamba ya kufunika dirisha, inayokazwa kwa draya ya nywele, ni rahisi na inafanya kazi, lakini ukucha mmoja wa paka unatosha kuiharibu. Iweke chumba asichoingia. Kwingine, weka karatasi ya akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya milimita 3, ikalie kizingiti cha dirisha na kushikwa pembeni kwa utepe wa sumaku. Ni ghali zaidi, ila unaitoa masika na kuirudisha mwakani. Chumba cha kulala lazima iweze kutoka haraka, moto ukitokea.

Nyumba ikiwa ya kabla ya 1978, rangi yake huenda ina madini ya risasi. Usiikwangue ikiwa kavu. Mnyama hulamba vumbi lile miguuni mwake. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha ukitupe.

Kuna msaada wa serikali kuu ya Marekani wa kuziba baridi nyumbani, Weatherization Assistance Program, tangu 1976, na mpangaji anaruhusiwa kuomba. Hapa ndipo ninapoumia. Fomu inahesabu unachoingiza, haijali unachomtumia mama nyumbani. Halafu inataka idhini ya mwenye nyumba, naye halipi gesi, kwa hiyo hana haraka ya kusaini. Omba mapema, kiangazi, na kila karatasi baki na nakala.

Haya ni maoni yangu. Mnyama wako unamjua wewe. Silikoni tia kwenye ufa usiosogea tu, kati ya fremu na ukuta, na mfungie mnyama chumba kingine mpaka ikauke, kwa kawaida saa 24.