Jeni Imepanda au Seli Zimeongezeka? Kusoma Msuli wa Nguruwe wa Kienyeji

Ndugu washiriki, asanteni kwa kuja. Nianze na picha hii ya vipande viwili vya nyama. Vyote ni vya msuli mrefu wa mgongo, ule unaofuata uti wa mgongo pande zote mbili. Cha kushoto ni cha nguruwe wa Laiwu, mbegu ya kienyeji ya jimbo la Shandong, Uchina. Cha kulia ni cha Landrace, mbegu ya kisasa ya nyama. Tofauti haihitaji hadubini. Cha kushoto kina michirizi myeupe ya mafuta iliyotapakaa katikati ya nyama nyekundu, na cha kulia kimepauka, mafuta yake ya kutafuta kwa tochi. Kwa Laiwu, mafuta ya ndani ya msuli mara nyingi hupita asilimia 7 ya uzito wa nyama. Kwa nguruwe wengi wa kisasa hayazidi asilimia 2 au 3. Najua wapo humu wasiogusa nguruwe. Wastarehe tu, leo hakuna anayelishwa.

Swali letu ni hili: tofauti hiyo inatoka wapi? Seli ya ini, ya ngozi na ya msuli za nguruwe mmoja zina DNA ile ile. Kinachozitenganisha ni jeni zipi zinasomwa, na kwa wingi gani. Jeni inaposomwa, seli hutoa nakala za RNA, na kwa kufuata nakala hizo hutengeneza protini. Nguruwe ana jeni za protini zipatazo 20,000, zilizosambaa kwenye jozi 18 za kromosomu pamoja na zile za jinsia. Tukihesabu nakala za kila jeni ndani ya msuli, tunajua ni kazi gani ilikuwa ikifanyika mle wakati ule.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mnyama akishachinjwa, ndani ya dakika chache hukatwa kipande kidogo cha msuli na kutumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, maana RNA huharibika upesi mno. Maabara kipande hicho husagwa, RNA ikatolewa, ikageuzwa kuwa DNA, kisha mashine ikasoma mamilioni ya vipande vifupi. Programu ya kompyuta hutafuta kila kipande kimetoka kwenye jeni ipi, halafu inahesabu. Shikeni hilo la kusaga. Sehemu kubwa ya mhadhara huu inahusu athari zake.

Mbegu nyingi zimepimwa kwa njia hii: Laiwu, Jinhua na Meishan za Uchina, Iberico ya Hispania na Ureno, Basque ya Ufaransa, Casertana ya Italia. Mradi wa TREASURE, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2015 hadi 2019, ulishughulikia mbegu 20 za kienyeji za Ulaya. Na ukizisoma orodha za jeni zilizopanda, yaani zenye nakala nyingi zaidi, kwa nguruwe wenye mafuta mengi, kuna majina yanayorudi mara kwa mara: FABP4, ADIPOQ, PLIN1, SCD. Waandishi huandika kwamba jeni za mafuta zimeamshwa katika msuli wa mbegu ya kienyeji.

Hapo ndipo mimi huweka kalamu chini. FABP4 hutengeneza protini inayobeba asidi za mafuta ndani ya seli za mafuta. Uzi wa msuli wenyewe hutumia ndugu yake, FABP3. Kwa hiyo FABP4 iliyoonekana kwenye kipande chetu imetoka hasa kwenye seli za mafuta zilizojipenyeza kati ya nyuzi, na sisi tumezisaga zote pamoja. Ni kama kurekodi kelele za uwanja wa mpira kwa kipaza sauti kimoja kilichoning'inizwa juu ya paa: timu moja ikisikika zaidi, huwezi kujua kama mashabiki wake wanapiga kelele zaidi au wako wengi zaidi.

Fanyeni hesabu. Ikiwa msuli mmoja una seli za mafuta mara tano ya mwingine, FABP4 itapanda karibu mara tano bila seli hata moja kubadili mwenendo wake. Hilo si kosa la kipimo, namba ni sahihi. Ila imetuambia tulichokuwa tumeshakiona kwa macho kwenye picha, tena kwa gharama kubwa. (Kuna wanaojibu kwamba huenda seli ni zile zile kwa idadi, zimenenepa tu. Inawezekana, na ndiyo maana ni vizuri kukata kipande kingine cha msuli uleule na kukitazama kwa hadubini kabla ya kutoa hukumu.)

Kinachovutia kimejificha nyuma ya hapo. Nyuzi za msuli hazigeuki kuwa seli za mafuta. Seli hizo huzaliwa kutokana na kundi lingine linaloishi katikati ya nyuzi, ambalo wanabaiolojia hulitambua kwa protini ya PDGFRA juu ya utando wake. Seli za kundi hili zina njia mbili mbele yao: kutengeneza tishu za kuunganishia au kuwa seli za mafuta. Basi swali la mbegu hubadilika. Badala ya kuuliza kwa nini FABP4 imepanda, tunauliza kwa nini kwa Laiwu seli nyingi zaidi zilichagua njia ya pili, na lini. Siku hizi viini vya seli vinaweza kutenganishwa na RNA ya kila kiini kusomwa peke yake, hata kwenye uzi wa msuli ambao una viini vingi ndani ya mfuko mmoja. Njia hiyo haisagi mashabiki pamoja.

Nyuzi zenyewe nazo zina habari yake. Msuli wa nguruwe una aina nne za nyuzi, na kila aina ina jeni yake ya miosini, protini inayoukaza msuli: MYH7 kwa nyuzi za polepole, MYH2, MYH1, na MYH4 kwa zile za kasi kabisa zinazotegemea sukari zaidi kuliko oksijeni. Uchaguzi wa vizazi vingi kwa ajili ya nyama nyingi umeusukuma msuli wa mgongo wa nguruwe wa kisasa kuelekea MYH4. Nguruwe mwitu, na mbegu kadhaa za kienyeji, wamebaki na sehemu kubwa zaidi ya nyuzi zinazotumia oksijeni, zenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli) nyingi na wekundu zaidi. Lakini nguruwe ana kituko chake: nyuzi zake za polepole hukaa vikundi vikundi, zikizungukwa na zile za kasi. Ukikata kipande kidogo mno, au ukikikata mahali tofauti kwa kila mnyama, unaweza kupata tofauti ya mbegu ambayo kwa kweli ni tofauti ya kisu.

Idadi ya nyuzi ni habari ya zamani zaidi. Mimba ya nguruwe huchukua siku kama 114, na kufikia siku ya 90 hivi hesabu ya nyuzi imeshakamilika. Baada ya hapo msuli hukua kwa nyuzi kunenepa na kurefuka. Kwa hiyo sababu ya mbegu moja kuwa na nyuzi nyingi kuliko nyingine huwezi kuitafuta kwa mnyama wa machinjioni. Jeni zilizofanya kazi hiyo zilinyamaza zamani. Ndiyo maana kuna watafiti wa Uchina waliokwenda kupima vijusi, wakilinganisha Tongcheng, mbegu ya kienyeji ya huko, na Landrace kwa siku mbalimbali za mimba.

Tatizo la umri ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halina tiba kamili. Nguruwe wa kienyeji hukua polepole. Ukiwalinganisha wakiwa na umri sawa, yule wa kienyeji ni mdogo kwa mwili. Ukiwalinganisha wakiwa na uzito sawa, yeye ni mzee zaidi, na mafuta ya ndani ya msuli huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka. Mchukueni Iberico anayenenepeshwa kwa matunda ya mwaloni: kanuni za Hispania za 2014 zinataka afikishe angalau miezi 14 kabla ya kuchinjwa, wakati nguruwe wa kisasa huchinjwa akiwa na miezi sita hivi. Mlishe wote chakula kimoja, wafuge banda moja, bado utakuwa umelinganisha mbegu na umri kwa pamoja. Anayesoma utafiti wa namna hii aanze na sehemu ya mbinu, atafute umri, uzito, jinsia, kama madume yalihasiwa, na walikula nini. Orodha ya jeni itamsubiri.

Takwimu nitazipitia haraka. Ukijaribu jeni 12,000 kwa kigezo cha asilimia 5, jeni 600 zitaonekana tofauti kwa bahati tu hata kama mbegu hazina tofauti yoyote. Kuna masahihisho yanayofahamika kwa hili, na utafiti usioyatumia uwekeni pembeni. Jingine: jenomu ya rejea ya nguruwe, yaani DNA nzima ambayo programu hulinganisha nayo vipande, iliyochapishwa mwaka 2012, ilitokana na jike wa mbegu ya Duroc. Nguruwe mwitu wa Ulaya na wa Asia waliachana takriban miaka milioni moja iliyopita, na walifugwa mara mbili, mahali pawili tofauti. Vipande vya RNA vya mbegu ya Kichina hutofautiana kidogo na rejea hiyo, na vingine programu inashindwa kuvipangia mahali. Jeni inaweza kuonekana imeshuka kumbe imekosa tu kutambuliwa.

Na yapo mambo ambayo kuhesabu nakala hakuwezi kuyaona. Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba nyama yenye asidi nyingi ya nguruwe wa mbegu ya Hampshire hutokana na badiliko kwenye jeni ya PRKAG3: asidi amino moja imebadilishwa, na glaikojeni, yaani akiba ya sukari ya msuli, hupanda kwa asilimia 70 hivi. RYR1 ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1991 ilijulikana kwamba badiliko moja kwenye protini hiyo, inayofungulia kalisi, huwafanya nguruwe wafe kwa msongo na nyama yao ipauke na kutoa maji. Kilichoharibika hapo ni umbo la protini, wala si hesabu ya nakala. Badiliko la LEPR kwa Iberico liko mbali zaidi, maana hicho ni kipokezi cha leptini, homoni ya shibe. Mnyama anakula sana kwa sababu ya ubongo, na msuli unapokea matokeo. Ukipima msuli utaona jeni nyingi zimebadilika, na hakuna hata moja iliyo chanzo.

Sasa IGF2, jeni ya ukuaji, ambayo kwangu ndiyo mfano safi kuliko yote. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden na Ubelgiji walionyesha kwamba herufi moja ya DNA, G iliyogeuka A, katika sehemu ya jeni isiyotengeneza protini, huongeza nakala za IGF2 mara tatu katika msuli baada ya kuzaliwa. Si kwenye ini, wala si kwenye msuli wa kijusi. Mnyama hupata misuli zaidi kwa asilimia 3 hadi 4 na mafuta machache zaidi. Mwaka 2009 ikajulikana kwa nini: protini ya ZBED6 hukaa mahali hapo kuizuia jeni, na herufi mpya haiipi pa kushika. Herufi ya A imeenea kwa mbegu zilizochaguliwa kwa nyama isiyo na mafuta, na wengi wa nguruwe mwitu na wa kienyeji wana G.

Tofauti ya namna hii inaweza kuthibitishwa kwa chotara. Ndani ya seli moja ya chotara mna nakala ya mama na ya baba, zinazokula chakula kimoja, zenye umri mmoja na homoni zile zile. Moja ikisomwa kuliko nyingine, sababu iko kwenye DNA iliyo karibu na jeni hiyo, na visingizio vya umri na uzito vinakwisha. Kwa IGF2 kuna sharti: msuli husoma nakala ya baba peke yake, kwa hiyo lazima uchanganye pande zote mbili: dume wa mbegu hii kwa jike wa ile, kisha kinyume chake.

Kwa wafugaji wanaotunza mbegu za kienyeji, sharti hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Dume wa kisasa mwenye A mbili akipanda jike wa kienyeji, vitoto vyote husoma A, na misuli yao huonyesha. Dume wa kienyeji mwenye G mbili akimpanda jike wa kisasa, vitoto hubeba A ya mama lakini hawaisomi. Kwa macho wanafanana na wa kienyeji, na madume kati yao watakapokua watairithisha hiyo A kwa nusu ya watoto wao, ambao wataisoma. Kwa hiyo kabla ya kumwingiza dume kwenye kundi, kipimo cha damu au cha mzizi wa nywele kwa herufi hiyo moja kina faida kuliko orodha nzima ya jeni 600. Karibuni maswali.