Kufua zulia la sufu uani bila kulichuja rangi

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena uani kwetu. Leo tunafua zulia la sufu, hili hapa mnaloliona, jekundu na buluu, pembeni matamvua meupe. Lina mita 2 kwa mita 1.2. Huo ndio ukubwa ambao watu wawili mnaweza kulinyanyua likiwa bichi. Likizidi hapo msilijaribu nyumbani, kwa sababu sufu ikishakunywa maji inakuwa nzito hamna mfano, mtashindwa kulitundika, litakaukia sakafuni na mgongo wa zulia utaoza.

Shaabani imeingia, kila nyumba inatoa vitu nje kabla ya mwezi mtukufu, ndiyo maana nimependa tufanye leo. Hapa Unguja wengi wetu mazulia haya tumeletewa na ndugu walioko Muscat au Dubai. Zulia la namna hii likitunzwa, mjukuu wako atalikalia. Mimi kazi hii naipenda kwa moyo wangu wote, na inaniuma nikiona zulia zima limeharibiwa kwa kufuliwa, wala si kwa uchafu.

Haya. Kwanza ligeuzeni muone mgongo. Mkiona maua yale yale ya usoni yametokea nyuma, na vifundo vidogo vidogo vimepangana mistari, basi limefumwa kwa mkono. Hilo linafulika. Mkikuta nyuma kuna kitambaa kimebandikwa, yaani nyuzi zimechomekwa kisha zikashikwa na gundi, hilo msilimwagie maji mengi. Gundi ikilowana mara kwa mara inachoka, inaanza kumwaga unga, na kitambaa kinabanduka. Hilo futeni juu juu tu.

Na lile la manyoya marefu la dukani, la plastiki? Hilo halina mambo. Mwagieni maji, sabuni, sugueni, suuzeni, anikeni. Tusonge mbele.

Kama hamjui ni sufu au si sufu, chomoeni uzi mmoja. Si tamvua, matamvua mara nyingi ni pamba. Chukueni uzi wa usoni, pale ukingoni. Mwanangu, sogeza kamera karibu. Naushika kwa kibanio, nauchoma kwa kiberiti juu ya kisahani. Mmeona? Unajikunja, moto unataka kuzimika wenyewe, na harufu ni ya nywele zilizoungua. Sasa naibonyeza ile ncha nyeusi kwa kidole, inasagika, inakuwa vumbi. Hiyo ni sufu. Ingekuwa plastiki ingeyeyuka, ikaganda kitone kigumu kisichopondeka.

Sasa tunatoa mchanga, na tunautoa kabla ya tone la maji kugusa zulia. Mchanga unashuka hadi kwenye shina la uzi, na kila mnapokanyaga unakata uzi kutoka chini. Mkiuloweka unakuwa tope, hautoki tena. Kwa hiyo nalilaza kifudifudi juu ya vigae, nalipiga mgongoni kwa mkono wa ufagio. Si kwa hasira, taratibu, kona hadi kona. Sasa nyanyua hapo mwanangu tuwaonyeshe. Tazameni mchanga huo! Na zulia hili lilikuwa linafagiliwa kila siku. Fagieni, lilazeni tena, pigeni tena, mpaka mkinyanyua vigae vibaki vyeupe. Wenye mashine ya kufyonza vumbi ipitisheni pia, lakini ile yenye brashi inayozunguka isifike kwenye matamvua, itayameza na kuyang'oa.

Tumefika pale ninapowaomba mniangalie vizuri. Kujaribu rangi. Nachukua kitambaa cheupe cha pamba, nakilowesha kwa maji yenye ile sabuni nitakayofulia, nakiweka juu ya nyekundu na kukikandamiza dakika nzima. Sikigusi na kukitoa, nakikandamiza. Nakitazama: cheupe. Nahamia buluu nzito: cheupe. Nyeusi: cheupe. Kila rangi na sehemu yake safi ya kitambaa. Kitambaa kikitoka na rangi hata kidogo, acheni. Zulia hilo haliingii majini, mpelekeeni fundi. Nasema tena, jaribuni kila rangi. Nyekundu ikishaingia kwenye nyeupe na ikakaukia humo, haitoki tena.

Maji sasa. Yawe baridi. Maji ya moto mkichanganya na kusugua kwa nguvu, nyuzi za sufu zinashikana, zulia linasinyaa na kuwa gumu. Ndoo ya lita 10, sabuni vijiko vikubwa viwili, basi. Sabuni hii ya maji naichanganya mwenyewe, ni laini, na ninaiuza, siwafichi. Asiyekuwa nayo atumie shampuu ya watoto, inafanya kazi vizuri. Msitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo, ni kali kwa sufu, inakausha uzi na kuufanya ukatike. Na klorini ile ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribie kabisa. Anayebisha aache uzi mmoja wa sufu ndani ya kikombe cha klorini isiyotiwa maji, akirudi baadaye ataukuta umeyeyuka. Sufu ni kama nywele zetu tu, na klorini inaila.

Nalilowesha lote. Natumbukiza brashi laini kwenye ndoo, nasugua kwa kufuata ulalo wa nyuzi. Pitisheni kiganja: upande unaoteleza ndio ulalo wake, upande unaokwaruza ni kinyume. Sugueni kwa kufuata ulalo, wala msizungushe brashi. Matamvua nayasugua mwisho, kutoka kwenye zulia kwenda nje.

Sasa maji ya kusuuzia... Subiri. Mwanangu, usizime, acha waone. Njoo kwenye kona hii. Mnaona hapa wekundu unatambaa kuelekea kwenye matamvua? Nyekundu hii si sawa na ile ya katikati, tazameni, imeiva kidogo zaidi. Kona hii imewahi kutiwa viraka, na aliyeitengeneza ametumia uzi mwingine. Kwa hiyo kwenye majaribio yenu, kila palipotengenezwa pajaribiwe peke yake, hata kama rangi inafanana na jirani yake.

Nafanya haraka sasa. Maji, maji, maji. Lete mpira wa mfereji. Namwagia kutoka sehemu nyeupe kwenda nje ya zulia, rangi ikimbilie sakafuni, isipate nafasi ya kukaa. Wakati huo huo nimetia siki nyeupe kwenye ndoo, nusu kikombe kwa lita 10 za maji baridi, naimwagia papo hapo. Siki inasaidia sufu kushika rangi yake. Naendelea mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Sasa taulo nyeupe, nakandamiza, sisugui. Imetoka na uwaridi kidogo. Naongeza maji ya siki, taulo nyingine. Hii imetoka safi. Alhamdulillahi. Mtu akiona rangi inatembea halafu akaacha kumwagia maji kwa hofu, hapo ndipo anapoliharibu, maana rangi inakaukia pale ilipofika.

Na jambo ambalo nitalirudia mpaka mnichoke: zulia bichi halikunjwi. Halikunjwi! Wala halirundikwi kwenye beseni mkisubiri jua. Mkilikunja, nyekundu inalala juu ya nyeupe, maji yanafanya kazi yake, mkilifungua mnakuta ua limejichapa upande wa pili. Likishalowa libaki wazi, uso juu, mpaka linatundikwa.

Kusuuza tunaendelea zulia zima. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoki vizuri na yanaacha ugumu kwenye uzi, kwa hiyo natumia ya kisima mwanzo na ya mfereji mwisho. Leo mfereji unatoa kidogo kidogo, mnausikia wenyewe, ndiyo maana nilijaza madumu tangu jana. Suuzeni mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ikibaki ndani ya zulia inanata, kila mguu unaopita unaacha vumbi, na baada ya muda mfupi zulia ni chafu kuliko kabla ya kufuliwa. Suuzo la mwisho natia siki tena, kiasi kile kile. Harufu yake inaondoka likikauka, msiwe na wasiwasi.

Sasa huu mpira wa kusukumia maji sakafuni. Naupitisha juu ya zulia kwa kufuata ulalo, nakandamiza kweli kweli. Tazameni maji yanavyotoka, na mlidhani yamekwisha. Pitisheni tena na tena, kila maji mnayoyatoa hapa yanapunguza saa za kukausha. Halafu taulo, kanyageni juu yake kwa miguu mitupu. Mwanangu kazi hii anaipenda.

Kutundika. Watu wawili, kila mmoja anashika upande, tunalinyanyua likiwa limenyooka na kulilaza juu ya boriti nene au ukuta mpana wenye shuka safi juu yake. Kamba nyembamba hapana, inaacha mkunjo katikati na uzito unavuta mafundo. Mgongo ndio utazame jua, uso uwe kivulini. Tunachohitaji zaidi ni upepo. Linatakiwa likauke ndani ya siku moja, likizidi hapo linaanza kunuka na kuota ukungu. Kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, msifue sufu, piganeni na vumbi tu. Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, ndio wakati wake, na kipupwe pia upepo unakausha vizuri.

Kila baada ya saa chache geuzeni sehemu inayoning'inia. Na msidanganyike na uso. Sufu inaweza kushika unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake na bado mkiigusa mkadhani imekauka. Fungueni nyuzi kwa vidole mpaka chini kwenye mafundo, wekeni mgongo wa mkono hapo. Mkisikia ubaridi, bado bichi.

Wakati linakauka niwape madoa ya kwetu. Bizari ya manjano kutoka kwenye pilau au mchuzi: mkiipaka sabuni kali inageuka nyekundu, watu wanashtuka, wanasugua, wanaisambaza. Tulieni. Okoteni chakula kwa kijiko, kandamizeni kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha doa lilobaki lipigwe jua. Rangi ya manjano haina ubavu kwa jua, inapungua kila siku. Mafuta nyunyizieni unga wa muhogo, uache usiku kucha uyanywe, asubuhi fagieni. Mkojo wa mtoto kandamizeni mara moja, halafu maji na siki nusu kwa nusu, halafu maji matupu.

Hina sina dawa yake. Hina inashika sufu kama inavyoshika kucha na nywele, kwa sababu vyote hivyo asili yake moja. Bibi harusi akipakwa, zulia litolewe, utandikwe mkeka. Na chetezo cha udi kiwekwe juu ya sinia, kaa moja likianguka kwenye zulia la plastiki linayeyusha shimo, na kwenye sufu linaacha alama nyeusi.

Likishakauka kabisa, pitisheni brashi kavu kufuata ulalo, nyuzi zisimame vizuri. Mkilirudisha ndani geuzeni, upande uliokuwa mlangoni uende ukutani, ili miguu isilile sehemu moja. Fanyeni hivyo kila miezi 6. Na palipo chini ya makochi panyanyueni kila mwezi na kufagia, maana nondo wanapenda sufu iliyo gizani isiyoguswa. Wale wanaoruka hawali kitu, wanaokula ni viluwiluwi vyao, vidogo vyeupe, na vinaanzia huko huko msikoona. Likikaa bila kutumika, liviringisheni kama mkeka, msilikunje, na mlifunge kwa shuka ya pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Sabuni ya lita moja ipo, na brashi laini zipo, mnanikuta dukani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Mwanangu, weka kamera chini, njoo ushike ncha hii tuligeuze.