Kutafuta kihamba cha ukoo kwenye picha ya zamani ya angani, Moshi

Karibuni, watazamaji. Leo tunatafuta kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Hapa mezani tuna picha ya angani ya miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, sentimita 23 kwa 23, iliyopigwa wima.

Iskani kwa nukta 1,200 kwa inchi. Usiitume kwa WhatsApp, maana ikibanwa, mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji, ndiyo inayopotea kwanza.

Sasa izungushe mpaka vivuli vikuangukie wewe. Usiruke hatua hii! Vivuli vikielekea upande mwingine jicho linadanganyika: korongo linaonekana mgongo wa kilima, mgongo unaonekana bonde.

Angalia skeli. Kwa 1:40,000, milimita moja ni mita 40, hivyo kihamba cha nusu hekta ni kidoa cha milimita mbili hivi. Basi usihangaike na nyumba. Migomba na miti imezifunika, na masale, mimea inayopandwa mpakani, hayaonekani kabisa. Tafuta maji. Fuata mto hadi mfongo unapochepuka. Mfongo hukata mteremko karibu usawa, ilhali njia ya miguu hupanda na mgongo.

Picha za mshazari, yaani zilizopigwa kwa kuinamisha kamera upande, kama alizopiga rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer Januari 1930, hazina skeli moja. Zitumie kutambua migongo, usipimie umbali.

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, laza picha juu ya ramani, ififishe hadi ya chini ionekane. Ishikize kwenye makutano ya mito, kanisa la zamani, au reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Mti hukatwa, njia huhama, usivitegemee. Wengi huharibu hapa kwa kuvuta picha nzima mara moja. Eneo kama Kibosho, mlimani, liko juu, karibu zaidi na kamera kuliko tambarare, kwa hiyo hutoka kubwa zaidi pichani. Linganisha mgongo mmoja mmoja.

Kipande chako kichapishe kwa karatasi ya A3, mpelekee mzee. Mwonyeshe kwanza mto na kanisa, akae sawa na picha. Kisha: “Shikamoo babu. Mfongo huu ulichimbwa na ukoo gani? Zamu ya maji ilikuwa ya akina nani?” Majina ya majirani yatafuata yenyewe. Miaka iulize kwa matukio: kabla au baada ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuanzishwa 1933, kabla au baada ya Uhuru.

Andika kwa penseli, juu ya nakala tu. Majibu ya kila mzee yawe kwenye nakala yake, maana wazee wawili wakitofautiana kuhusu mpaka, utahitaji kauli zote mbili.