Jino la Ukubwani Ambalo Mzizi Wake Haujafunga

Assalaam alaykum. Akina mama, akina baba, walimu wa shule na wa madrasa, na wenzangu wa kliniki za hapa Amu na Mokowe, ahsanteni kwa kuitikia. Mazungumzo ya leo ni ya jino la ukubwani la mtoto wa miaka 6 hadi 10, lililovunjika au kuoza kabla mzizi wake haujamaliza kukua.

Jino likichomoza, mzizi bado unajengwa. Huchukua kama miaka 3 zaidi kufikia urefu wake na kufunga ncha. Meno mawili makubwa ya mbele juu hutoka mtoto akiwa na miaka 7 au 8, na mizizi yake hufunga karibu na miaka 10. Gego la kwanza hutoka kwenye miaka 6, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Akina mama, mkitoka hapa na hilo moja tu, mmepata kitu.

Kinachojenga mzizi ni kiini, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu ndani ya jino. Kiini kikifa, ujenzi husimama. Hubaki mzizi mfupi, kuta nyembamba, na ncha iliyopanuka kama mdomo wa siwa. Matibabu ya mzizi tunayomfanyia mtu mzima hayafai hapo. Faili, vile visindano vya kusafishia mzizi, zikikwangua humaliza ukuta ambao tayari ni mwembamba. Gatapacha, ule utomvu wa kujazia mzizi, haina pa kugota, hupenya hadi mfupani. Na haipokloriti, dawa kali ya kuoshea ndani ya jino, ikisukumwa kwa nguvu hutoka nje ya ncha: mtoto hupiga kelele kwa maumivu, na uso huvimba papo hapo.

Basi swali la kwanza ni hili: kiini ki hai? Wenzangu, msihukumu kwa kipimo cha baridi au cha umeme peke yake. Katika jino changa nyuzi za fahamu hazijakamilika, na jino lililogongwa laweza kukaa hata miezi 3 bila kuitikia ilhali li hai. Tafuteni ishara mbili au zaidi za kiini kilichokufa: usaha au kijipu kwenye fizi, kivuli cheusi nchani katika eksirei, maumivu jino likigongwa, au mzizi uliosimama kukua wakati pacha wake wa upande wa pili unaendelea.

Mtoto ameanguka kwenye punda au ameteleza gatini, jino limevunjika na kitone chekundu kinaonekana. Kiini hicho kiokoeni, hata kama zimepita siku kadhaa. Njia aliyoieleza daktari wa meno Miomir Cvek mwaka 1978 bado ndiyo bora. Piga ganzi, funga mpira wa kutenga jino, kisha ondoa kama milimita 2 za kiini kwa kichongeo cha almasi chenye kasi na maji mengi. Weka pamba iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali kwa dakika 5. Damu isipokoma, nyama iliyobaki bado ina uvimbe. Shuka kidogo tena. Ikikoma, weka MTA (saruji ya meno) au kalsiamu haidroksaidi (dawa ya chokaa) moja kwa moja juu ya nyama, bila donge la damu katikati, halafu ziba kwa vijazio vya glasi ayonoma na kompoziti. Mzizi utaendelea kukua wenyewe, na hakuna dawa iwezayo kuujenga vizuri kuliko hivyo.

Kiini kikiwa kimekufa, zamani tulijaza kalsiamu haidroksaidi na kuibadilisha kwa miezi 6 hadi 18 mpaka ncha ijifunge. Hujifunga, lakini dawa hiyo ikikaa muda mrefu hudhoofisha dentini, yaani mwili wa jino, na jino huja kuvunjika shingoni. Siku hizi iache wiki 1 hadi 4 tu.

Safari ya kwanza, kabla ya kuweka dawa hiyo, osha kwa haipokloriti ya asilimia 1.5, mililita 20, polepole kwa dakika 5, kwa sindano yenye tundu la ubavuni, ncha yake ikiishia milimita 1 kabla ya mwisho wa mzizi. Usikwangue kuta. Safari ya pili, weka kizibo cha MTA cha milimita 3 hadi 5 nchani, ukihakikisha kwa eksirei. Ikiwa imepita nje au imeacha mianya, ioshe siku hiyo hiyo kabla haijaganda. MTA hutaka unyevu ili igande, kwa hiyo weka pamba yenye majimaji juu yake. Ikishaganda, jaza gatapacha, na kompoziti ishuke chini ya usawa wa fizi, maana hapo shingoni ndipo panapovunjika.

Njia nyingine kwa kiini kilichokufa ni kuita damu ijae ndani ya mzizi. Ganzi iwe mepivakaini ya asilimia 3 isiyo na adrenalini, kwa sababu adrenalini hubana mishipa na damu haiji. Osha kwa EDTA, kioevu cha kusafishia kuta, ya asilimia 17, pitisha faili safi milimita 2 nje ya ncha, acha damu ijae, kisha funika kwa MTA. Wakati mwingine kuta huongezeka unene, wakati mwingine hapana, na nyama inayoota mara nyingi si kiini halisi. Dawa ya mchanganyiko wa antibayotiki yenye minosaiklini hulitia jino weusi, iacheni.

Kwa familia ya Faza au Kiunga, ambayo safari yao hutegemea bahari na nauli, mimi huona kizibo cha MTA ni salama zaidi. Kuita damu hudai kurudi baada ya miezi 6, 12 na 24, na jino lisilofuatiliwa laweza kuoza ndani kimya kimya. Wazazi, ombeni picha ya eksirei ya siku ya kwanza, ifungeni kwenye karatasi ya plastiki isilowe chomboni, na mje nayo kila safari. Bila hiyo daktari hana cha kulinganisha.